Mama mkwe amenikuta natia dawa kwenye mtungi

Shangazi, shikamoo.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, maana nyumba nzima imeninunia. Nimeolewa mwaka wa nne sasa na tunaishi kwa wakwe. Maji yetu yote, ya kunywa na ya kuogea, ni ya kisima cha hapahapa uani, alichokichimba baba mkwe kwa mikono yake kabla mume wangu hajazaliwa. Mzee ameshafariki. Kisima ndicho kilichobaki chenye alama yake, hata kwenye saruji ya ukingo kuna jina lake na mwaka, aliyaandika kwa kidole saruji ikiwa bado mbichi. Majirani wanakuja kuchota na mama mkwe hamzuii mtu.

Maji yenyewe ni meupe pe, ya baridi, hayana chumvi. Mgeni akinywa lazima asifie. Lakini ukingo umepasuka upande wa zizi la mbuzi, na ndoo ya kuchotea ikitoka kisimani inatuliwa palepale kwenye tope, kisha inarudishwa ndani na tope lake. Mvua zikianza maji yanabadilika kidogo tu, kama yamesuuzia glasi ya maziwa. Mwanangu ana miezi kumi. Ameharisha mara mbili, na zote mbili mvua zilikuwa zimeshika. Mara ya pili alilazwa na kutundikiwa dripu. Muuguzi aliniuliza swali moja: "Maji ya kunywa mnayafanyaje?" Nikamwambia tunayachota. Akanitazama tu.

Nilipotoka nikanunua chupa ya dawa ya maji. Nilimwambia mume wangu, akasema nimweleze mama taratibu. Sikumweleza. Nilianza kutia usiku wakishalala, kifuniko kizima kwenye mtungi wa lita 20, na siku nyingine nikiingiwa na wasiwasi naongeza. Mama akaanza kulalamika kwamba maji yananuka hospitali. Mimi nikanyamaza.

Juma lililopita aliamka kunywa maji akanikuta na chupa mkononi. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliyamwaga maji yote nje, akauosha mtungi mara tatu, akarudi akaniambia: "Watoto wangu saba walio hai wamekunywa maji haya. Mume wako amekunywa maji haya. Wewe ndiye umeyaona machafu."

Kulipokucha majirani walikuwa na habari. Mmoja anasema dawa hiyo inafunga kizazi. Mwingine ameacha kuja kuchota, sijui anaogopa dawa au anaogopa kisima. Mume wangu kimya, nikimbana anasema maji ni ya Mungu.

Shangazi, nitafute siri nyingine au niache? Ya mtoto nachemsha peke yake, lakini juzi nilimkuta amejishikilia kwenye mtungi, kata ile tunayoiacha ielee ndani iko mdomoni mwake.

Mchota Maji

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mtoto, na pole kwa usiku ule.

Nianze na lile ambalo hutapenda kulisikia. Ulichokitia hakina ubaya, ubaya ni namna ulivyokitia. Mtu akigundua kwamba maji anayokunywa yanatiwa kitu usiku na mkwe wake, naye hajaambiwa, ana haki ya kuyamwaga. Ningekuwa mimi ningeyamwaga, na mtungi ningeuosha mara nne. Dawa iliyofichwa ikifichuliwa huitwa sumu, na huna la kujitetea. Kwa hiyo siri nyingine usitafute. Nenda ukamwombe radhi kwa kumficha, kwa hilo tu. Usiombe radhi kwa kumhofia mtoto wako.

Na kifuniko kile, ulikipimia kitu gani? Chupa za dawa ya maji hazilingani nguvu, kila moja ina kipimo chake kwenye karatasi iliyobandikwa, nawe ulikuwa ukipima kwa wasiwasi. Klorini, ndiyo dawa iliyomo kwenye chupa hizo, inahitaji nusu saa ndani ya maji ifanye kazi yake, na baada ya hapo inayotakiwa kubaki ni kidogo mno, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Wapo watu ambao ulimi wao unaikamata ikiwa miligramu 0.3 tu. Kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa salama ni miligramu 5, kwa hiyo pua hulalamika mapema sana kabla mwili haujawa na sababu ya kulalamika. Lakini mama mkwe wako hakuwa akizusha. Alinusa kitu cha kweli, akasema, na wewe uliyejua ukanyamaza. Nadhani hilo limemuuma kuliko dawa yenyewe.

La kufunga kizazi nitalipita haraka. Mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kutia klorini kwenye maji ya mabomba mwaka 1908 na kuendelea nayo, na miji mingi duniani ikafuata. Tangu hapo wajukuu na vitukuu wamezaliwa na watu wanaokunywa maji hayo kila siku.

Sasa maneno ya mama. "Watoto wangu saba walio hai." Sijui kama wewe uliyaandika tu kama alivyoyasema au uliyasikia kama nilivyoyasikia mimi. Walio hai. Mtu hasemi hivyo kama hesabu yake haijawahi kupungua. Usimuulize, na wala usije ukamrudishia siku mmekorofishana. Lakini lijue, ili ujue unazungumza na nani. Kumwambia mama huyo kwamba maji ya kisima cha mumewe yanaweza kumlaza mtoto ni kumfungulia mlango ambao huenda ameufunga miaka mingi.

Na asemalo si uongo wote. Mtu mzima aliyekulia kwenye maji fulani, mwili wake huwa umeshapambana na vingi vilivyomo, na anaweza kunywa bila kuhisi lolote pale ambapo mgeni au mtoto mchanga angeharisha. Homa ya ini aina ya A, kwa mfano, ikimpata mtoto mdogo mara nyingi haimwonyeshi dalili yoyote, lakini ikimpata mtu mzima ambaye hajawahi kuipata inamlaza kitandani. Kwa hiyo mama mkwe ni shahidi mzuri wa tumbo lake. Tumbo la mtoto wa miezi kumi halina shahidi ila yeye mwenyewe, naye ameshatoa ushahidi mara mbili, mvua ikiwepo mara zote mbili.

Weupe na utamu navyo vimedanganya watu wakubwa. Mwaka 1854 huko London kulikuwa na pampu katika mtaa wa Broad Street, maji yake yanasifiwa. Mjane mmoja alikuwa ameuhama mtaa ule akaenda kukaa Hampstead, mbali kabisa, lakini ladha ya maji yale ilikuwa imemkaa, kila siku akawa analetewa chupa. Kipindupindu kilipolipuka Broad Street, yeye aliyekuwa mbali akafa, na mpwa wake aliyekuja kumtembelea akayanywa naye akafa. Daktari John Snow alihesabu zaidi ya watu 500 waliokufa katika eneo lile dogo ndani ya siku kumi. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Baadaye walipochimba walikuta shimo la kinyesi la nyumba ya jirani linavuja, na kisima hakiko mbali nalo hata hatua mbili. Hata hivyo, wakuu wengi wa wakati ule hawakuamini kwamba maji ndiyo yaliyoua, na maradhi yalipotulia mpini ukarudishwa. Hadithi hii usiende kumsomea mama. Mpe mume wako, huyo anayesema maji ni ya Mungu. Kweli ni ya Mungu, lakini ule ufa ni wa saruji.

Usidhani pia kwamba ukaidi huu ni wa nyumba yenu. Marekani watu zaidi ya milioni 40 wanakunywa maji ya visima vyao wenyewe, na sheria ya maji salama waliyoipitisha mwaka 1974 haivigusi visima hivyo. Mwenye kisima ndiye mkaguzi. Huko nako wanashauriwa kupima kila mwaka, na huko nako wengi hawapimi mpaka maji yabadilike rangi. Ya bomba mtu huyalalamikia asubuhi na jioni, maana ni ya mamlaka. Kisima ni chake, na kukitilia shaka ni kama kumtilia shaka aliyekichimba. Ugomvi wenu umesimama hapo. Wewe unaongea habari za vijidudu, mwenzio anasikia unamsema marehemu.

Basi msianze na dawa. Anzeni na ufa.

Wa kwanza kuongea awe mume wako, tena asitaje ugonjwa. Amwambie mamaye: "Mama, ukingo wa baba umepasuka, nataka niuzibe kabla ya mvua." Sidhani kama kuna mama atakayelikataa neno hilo. Auzibe, na lile jina lililoandikwa kwa kidole asiliguse hata kwa bahati mbaya, afunike kwa mbao sehemu hiyo wakati wa kupiga lipu. Aujenge ukingo upande juu, aweke mfuniko, asakafie kuzunguka kwa mteremko maji yanayomwagika yaende mbali, na zizi lisogezwe. Choo cha shimo kama kipo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Ndoo iwe moja tu, majirani wote waitumie hiyo, na iwe na ndoano yake, isiguse chini tena. Ufa ukizibwa na ndoo ikitoka topeni, uchafu mwingi unaoingia na mvua umepunguziwa njia, na hakuna aliyemtaja marehemu kwa ubaya. Mtakuwa mnaiendeleza kazi yake.

Kikishazibwa, kisima chenyewe hutiwa klorini ya nguvu mara moja, kazi ambayo ni vizuri aifanye fundi au bwana afya anayejua kipimo cha kina na upana wake. Lakini msijidanganye kwamba hapo kimetibiwa moja kwa moja. Maji mapya yanaingia kila saa kutoka ardhini, na klorini ya leo haitayangoja ya mwezi ujao.

Halafu pimeni. Hapa ndipo ningependa mama mkwe ashike mambo yeye. Ulizeni maabara ya maji au idara ya afya iliyo karibu, watawapa chupa iliyotakaswa. Achote yeye kwa mkono wake, asiuguse mdomo wa chupa, na sampuli ifike siku ileile ikiwa imekaa baridi. Wakati mzuri ni mvua zikishaanza, kisima kionekane katika hali yake mbaya, maana kipimo cha kiangazi kinaweza kutoka safi na kikawa kimesema kweli ya siku ile tu. Watatafuta bakteria anayeitwa E. coli, anayeishi kwenye matumbo ya watu na wanyama. Katika mililita 100 za maji ya kunywa anatakiwa asiwepo hata mmoja. Akiwepo, maana yake kinyesi kimepata njia ya kuingia, iwe cha mbuzi au cha choo.

Waambieni wapime na nitrati. Hii wengi huisahau, na kwenu kuna zizi. Inatokana na vinyesi na mbolea, haina rangi wala harufu, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya chupa inaweza kuizuia damu isibebe hewa vizuri mpaka ngozi igeuke ya samawati. Mpaka wake ni miligramu 50 kwa lita. Na hapa angalia sana, mwanangu: kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua kwenye sufuria, nitrati inabaki palepale, kwa hiyo kila ukichemsha zaidi inakuwa kali zaidi. Klorini nayo haiiwezi. Ni hivyohivyo kwa floridi, inayoharibu meno na mifupa ikizidi miligramu 1.5, na kwa aseniki, sumu ya ardhini ambayo mpaka wake ni miligramu 0.01. Bangladesh walichimba visima vya bomba kwa wingi kuwaokoa watoto na kuharisha kwa maji ya madimbwi, na kwa hilo walikuwa na nia safi kabisa. Miaka ya 1990 ikaja kujulikana kwamba vingi vina aseniki ya ardhini. Visima vikapimwa kimoja kimoja, vyenye aseniki nyingi vikapakwa rangi nyekundu, vilivyo salama kijani. Waliochimba hawakuwa na kosa. Hilo mfikishie mama mkwe, hata mara mbili.

Majibu yakija, asomewe yeye kwanza. Ikiwa shida ni vijidudu tu, mwachie achague njia, maana ziko zaidi ya moja na nadhani kosa lako lingine lilikuwa kumletea moja. Kuchemsha ni mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja, au tatu mkiwa juu sana milimani, kupita mita 2,000. Watu husema yaliyochemshwa hayana ladha, na ni kweli, hewa imetoka. Yakishapoa yamimine kutoka chombo kimoja kwenda kingine mara tatu nne, ladha itarudi. Kama hataki moto wala dawa, lipo jua: chupa za plastiki angavu, zisizozidi lita mbili au tatu, zilazwe juani saa sita, na kukiwa na mawingu mengi zikae siku mbili. Njia hii wazee wengi huipenda kwa kuwa hakuna kilichotiwa, ila inataka maji yawe meupe kabisa. Yale ya mvua, ya glasi ya maziwa uliyoyasema, lazima kwanza yatulie na kuchujwa kwa kitambaa safi, na hata kwa klorini ni hivyo, maana uchafu huila dawa kabla haijafika kwa vijidudu.

Akichagua klorini, kipimo akishike yeye. Sikwambii kwa hila. Wewe umeshaonyesha kwamba ukishika chupa unaongeza.

Akikataa zote? Inaweza kutokea, na hutamshinda kwa kumkimbiza. Ya mtoto endelea kuyachemsha, mchana na mbele ya macho yake, uyaweke kwenye chombo chake chenye mdomo mwembamba au koki. Na mtoto akiharisha tena usingoje dripu, mwanzishie maji ya chumvichumvi ya pakiti tangu choo cha kwanza chepesi, umnyonyeshe zaidi, na ukiona macho yameingia ndani au hakojoi, mbio hospitali. Majirani waacheni kwanza. Wakiona ukingo mpya na mfuniko watakuja wenyewe kuuliza, na atakayewajibu ni mama.

Limebaki la mtungi. Hata maji yaliyotibiwa vizuri huchafuka mle ndani kila mtu anapozamisha mkono na kata, na kata ya kwenu, kwa maelezo yako, inakaa humo kutwa na imeshaonja mdomo wa mtoto. Tafuteni mtungi wenye koki. Mpaka upatikane, leo hiihii mwombe mume wako apigilie msumari ukutani juu ya mtungi, kata iwe inaning'inia hapo, juu kuliko anavyoweza kufika mtu anayejifunza kusimama.